Kulwa na Doto, Mbuzi Mmoja

Jumapili, 11 Mei 2025

Siku kubwa kuliko zote tangu nizaliwe! Hata Kipaimara hakifikii. (Mungu anisamehe.)

Tumerudi kutoka Misa ya kwanza. Bado nina gauni la kanisani. Nasikia Bibi anapiga kelele bandani. Nikadhani nyoka. Nikakimbia na mwiko. Si nyoka! Mbuzi wetu mweusi amezaa. Mtoto mmoja. Miguu minne, mkia mmoja, vichwa viwili! Vichwa kamili, kila kimoja na macho yake, pua yake na masikio yake, vimekaa kwenye shingo moja nene kama maboga mawili kwenye kikonyo kimoja.

Baba akaja na msumeno mkononi. Ni seremala, husahau kuuweka chini. Alitazama muda mrefu. Akasema kiumbe kama huyu haishi, na ni huruma kummaliza mapema kuliko kumwacha ateseke. Nikalia. Nililia kwa sauti ya juu, maana Mama yuko Namanyere kwa mama mdogo aliyejifungua na hapa hakuna wa kunitetea. Baba akaona ninavyoutazama msumeno. Akaona aibu, akauficha nyuma. Akasema haya basi: akiweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe kufikia Jumapili ijayo, atabaki. Asiposimama, nisimletee machozi tena.

Nimeshapanga kila kitu. Maonyesho ya sayansi shuleni kwetu ni Ijumaa ya tarehe 23. Mshindi anakwenda Mbeya kwenye maonyesho ya kanda. Mwaka jana alikwenda Gaudiosa, tunayesoma naye kidato cha pili, na sabuni yake ya alizeti, na mpaka leo akisema neno "Mbeya" anafumba macho kidogo. Mwaka huu nitaingia mimi na kitu kimefunikwa kitenge. Nitakifunua. Watu watazimia. Nitakwenda Mbeya. Kisha nitakuwa daktari wa mifugo. Yanatakiwa mambo mawili tu: mbuzi asimame, na siri isitoke.

Bibi amewapa majina: Kulwa na Doto. Kulwa ni kichwa cha kushoto, maana ndicho kilichotangulia kutoka. Bibi alishuhudia na hataki mjadala. Kisha akanionya. Hawa ni mapacha. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake hapo hapo, sawa kwa sawa. Ukimsalimia mmoja, msalimie na mwenzake. Anayebaguliwa hukasirika akaondoka, na kwa hawa, mmoja akiondoka ataondokaje peke yake?

Nimeapa kutomwambia mtu yeyote. Nimemwambia Kalista tu, tunayekaa naye dawati moja. Naye ameapa.

Jumatatu, 12 Mei

Shule nzima inajua!

Kalista anasema hakumwambia mtu. Alimwambia dada yake tu, na dada yake si mtu wa maneno. Kufika wakati wa uji, hata mlinzi wa getini ameniuliza ni kichwa kipi kinacholia zaidi.

Ikabidi nikanushe. Nikasimama mbele ya foleni ya uji nikatangaza kwamba kwetu hakuna mbuzi wa aina hiyo. Gaudiosa alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Akaniangalia kwa ule upole wake unaouma.

"Pole, Justa. Kama kweli ana viwili, mwambie akurudishie kimoja. Naona leo umekuja bila."

Foleni ikacheka mpaka uji ukamwagika. Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini limenijia sasa hivi ninapoandika.

Baada ya kipindi nilimfuata Mwalimu Cleophas wa Baiolojia. Nikamwuliza, kwa faida ya elimu tu, kwa nini mnyama huzaliwa na vichwa viwili. Akacheka. Akauliza mbuzi hajambo? Kisha akachukua chaki, na darasa zima likabaki kusikiliza. Hata Gaudiosa. Gaudiosa aliandika.

Mwalimu alisema yai moja lililorutubishwa linaweza kuanza kugawanyika ili wawe mapacha wa kufanana. Mara chache sana, kazi ikishaanza, inakomea njiani. Sehemu moja imegawanyika, nyingine imebaki moja. Ndiyo hivyo! Hakuna laana, hakuna jirani mbaya, hakuna jicho la mtu. Mapacha walioishia njiani! Akaongeza kwamba kwa wanyama wanaotaga, kama nyoka na kobe, joto au baridi isiyo ya kawaida wakati wa kuatamia huenda inachangia, ila hakuna binadamu anayeweza kuagiza jambo hilo litokee. Ni ajali.

Wengi hufa mapema. Bongo ni mbili, kila moja ina mpango wake. Adui akija, kichwa kimoja kinataka kukimbilia huku, kingine kule. Lakini wapo nyoka na kobe wa vichwa viwili walioishi miaka mingi kwa sababu watu waliwatunza. Akatuambia kuna nyoka ambao vichwa vyao hugombania panya mmoja, wakati panya akimezwa na mdomo wowote anafika tumbo lile lile. Nilicheka sana. Wajinga kiasi hicho!

Jumatano, 14 Mei

Anakula! Mama yake hamtaki. Akisogea kunyonya, kichwa kimoja kikishika chuchu, kingine kinampiga mama kikumbo. Kwa hiyo namkamua mama, nampa mtoto kwa chupa ya mtoto mchanga yenye chuchu. Kulwa ananyonya kama ana safari. Doto ananyonya polepole na maziwa yanamtoka puani, lazima kumwinua kidevu. Nafuata agizo la Bibi. Chupa ya Kulwa, chupa ya Doto. Bibi husimama nyuma yangu kuhakikisha zinalingana, anazipima kwa jicho moja kama fundi.

Usiku hapa Sumbawanga ni baridi ya kupasua midomo, kwa hiyo analala jikoni kwenye tenga karibu na majivu ya moto. Hilo nimelipanga mwenyewe, halikutoka kwa Bibi.

Kusimama bado. Nimejifunza tatizo liko wapi. Kulwa anataka kwenda mlangoni. Doto anataka kwenda kwenye maharage yaliyoanikwa. Miguu ya kushoto inamsikiliza mmoja, ya kulia inamsikiliza mwingine, na katikati ya majadiliano mbuzi anakaa chini. Nimewaita wote wawili kwa majina. Nimewasihi. Baba alipita, akatazama, akasema amewahi kuona vikao vya kata vya namna hiyo.

Jumapili inakuja. Sitaki kuifikiria.

Ijumaa, 16 Mei

Balaa! Kesho jumuiya inasali kwetu. Ni zamu yetu na hakuna aliyekumbuka. Majirani wote watakaa sebuleni, na Mzee Timoth, mwenyekiti wa jumuiya, ana masikio ya popo ingawa ana miaka mingi. Maneno yameanza mtaani. Mama mmoja kisimani ameuliza kama ni kweli kwetu kumezaliwa "kitu".

Nina mpango. Mbuzi atawekwa chumbani kwa Bibi, chini ya kitanda, ndani ya tenga, juu ya tenga blanketi. Nitamlisha vizuri kabla ya sala ili asinzie. Wasinzie. Mpango hauna tundu.

Nimemweleza Kalista ili kama kuna tundu alione. Hakuliona.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi walikuja wote. Tukaanza rozari. Mambo yakaenda vizuri mpaka fungu la pili. Mzee Timoth akasema, "Salamu Maria, umejaa neema," na kutoka chumbani kikaitika kilio. Na kingine, chembamba zaidi. Wakati mmoja! Mzee Timoth akakatisha sala. Akaanza upya. Wakaitika tena. Mama wa kisimani akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia kwamba yeye aliambiwa, na sasa amesikia kwa masikio yake.

Bibi akainuka. Nikadhani anakwenda kufunga mlango. Akarudi amembeba mbuzi kifuani, vichwa vyote nje ya blanketi, akasimama katikati ya sebule.

"Hawa hapa wajukuu zangu. Anayetaka kusema, aseme mbele yao."

Nikaona nafasi yangu. Nikasimama nikawaeleza jumuiya nzima jinsi yai linavyogawanyika na kukomea njiani, na kwamba hakuna jicho la mtu ndani yake. Nilitumia mandazi mawili yaliyoshikana sahanini kama mfano. Niliongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea maishani! Nilipomaliza, Mzee Timoth alifikiri, akauliza swali moja tu. Je, hawa mapacha wameshasalimiwa? Akamwinamia Kulwa. "Tumsifu Yesu Kristo." Akamwinamia Doto. "Tumsifu Yesu Kristo." Wakalia wote. Akasema wameitika.

Basi! Kila mtu akataka kusalimia. Na ukimsalimia mtoto, utamwacha mikono mitupu? Uji wa ulezi wa jumuiya ulikuwa umeshachemka. Mama wa kisimani akampa Kulwa kijiko, kisha Doto kijiko, ili asionekane mbaguzi. Anayemfuata naye. Na anayefuata. Hakuna aliyetaka kuwa jirani aliyembagua pacha. Bibi alikuwa anafuta machozi. Mimi nilikuwa nasimamia usawa.

Mchana tumbo lilikuwa ngoma. Ngoma kweli! Limevimba upande wa kushoto, ukiligonga linalia. Kulwa amelaza kichwa. Doto amelaza kichwa. Kwa mara ya kwanza wamefanya jambo moja pamoja, na ni kufa. Baba yuko kazini. Bibi ameshika rozari. Mimi nimeshika chupa mbili na sijui nifanye nini. Nikafikiri labda wana njaa.

Hapo wakaingia Kalista na Gaudiosa. Gaudiosa alidai alikuwa anapita. Kwao ni upande mwingine kabisa wa mji! Akamsalimia Bibi shikamoo, akapiga magoti, akagonga lile tumbo kwa kidole.

"Unawapa nini?"

Nikamwambia sawa kwa sawa. Kulwa chupa yake, Doto chupa yake. Na leo uji kidogo.

"Kidogo mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu majirani kwa vidole.

"Justa. Vichwa viwili. Matumbo mangapi?"

Nilikuwa karibu kabisa kulifikiria hilo. Nataka iandikwe hapa. Nilikuwa karibu kabisa.

Kwao wanafuga mbuzi wengi, anajua. Akaomba mafuta ya alizeti, akamtilia Kulwa kijiko polepole. Tukamwinua miguu ya mbele. Tukamsugua ubavu wa kushoto kwa zamu, mimi, yeye, Kalista, mimi tena. Nikasali Salamu Maria zote zilizokatizwa asubuhi. Muda mrefu hakikutokea kitu.

Kisha Kulwa akabeua! Mbeuo mkubwa kama wa mzee aliyeshiba, wenye harufu ya ulezi. Doto akazinduka, akatazama huku na huku kumtafuta aliyefanya hivyo. Gaudiosa akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka mpaka nikalia. Kisha nikakumbuka kwamba ni adui, nikaacha.

Kabla hajaondoka alimweleza Bibi kwa heshima kubwa. Usawa ni sawa, Bibi, ila tugawe, tusizidishe. Chupa moja, nusu kwa Kulwa, nusu kwa Doto. Wote wamepata na tumbo halijaonewa. Bibi akafikiri. Akasema huyu mtoto amelelewa. Kisha akaniuliza mimi kwa nini sikulisema tangu mwanzo, na shule wananipeleka.

Tumbo limepungua. Kesho ni Jumapili.

Jumapili, 18 Mei

AMESIMAMA!

Lakini nianze mwanzo. Baada ya Misa Baba alitoka uani bila msumeno. Aliuacha makusudi, niliona. Akakaa kwenye kigoda kusubiri. Nikamweka mbuzi katikati ya ua. Kulwa mlangoni, Doto kwenye maharage. Akakaa chini. Nikamwinua. Akakaa chini. Baba akatazama juu.

Ndipo likanijia! Ubishi ni wa macho. Asiyeona hana la kubishia. Nikavua soksi zangu nyeupe za shule, moja nikamvika Doto kichwani kama kofia mpaka puani. Doto akatulia. Kulwa akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna anayempinga. Miguu ikatetemeka. Akasimama! Akatembea! Akafika mpaka kwenye kiatu cha Baba, akakinusa.

Baba aliinama akakuna katikati ya masikio ya Kulwa. Kisha akainua soksi kidogo akamkuna na Doto. Akasema atabaki.

Nilikuwa narukaruka ua mzima. Bibi akatoka jikoni, akaona Doto amevishwa na Kulwa yuko wazi. Akauliza ubaguzi gani huu. Kabla sijamfikia alikuwa amechukua soksi ya pili na kumvika Kulwa. Mbuzi akatembea kwa ujasiri mkubwa moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya maji, akaiangusha, akaanguka ndani yake.

Hata hivyo, amesimama.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda shule bila soksi. Kulwa ametafuna moja, Doto amemaliza ya pili. Mwalimu wa zamu aliniuliza ziko wapi. Nikasema ukweli. Nikafagia uwanja wa mstarini.

Gaudiosa akanikuta na ufagio. Mwaka huu ana kichujio cha maji: ndoo, changarawe, mchanga na mkaa, maji machafu juu, safi chini. Akasema ana wazo. Vipi tukiungana? Maji yake, mbuzi wangu, mada moja: utunzaji wa wanyama. Alisema vizuri, bila dharau. Nusura nikubali.

Nikamwambia asante, mimi nina mpango wangu. Mbeya anakwenda mmoja. Na mwenye vichwa viwili ni wangu.

Jumatano, 21 Mei

Maandalizi motomoto! Nimechora bango: yai, yai linalogawanyika, yai lililokomea njiani, mbuzi. Bibi alisema yai la tatu linafanana na Mzee Timoth akisinzia. Nimelirekebisha.

Kulwa na Doto wanatembea sasa hata bila soksi, mradi nitembee mbele na chupa. Bado kila mmoja ana yake. Nikiweka majani mahali pawili, mbuzi anasimama katikati na kulia kwa sauti mbili. Tangu wazaliwe hawajachagua kitu kimoja hata mara moja. Nimeliandika hilo kwenye bango kwa wino mwekundu: VICHWA HIVI HAVIJAWAHI KUKUBALIANA. Litawavutia waamuzi.

Jioni Baba alileta kitu amekifunika na koti. Hori dogo la mbao lenye ukuta katikati, pande mbili zinazolingana, na juu limechongwa mahali pa shingo kupumzika. Kingo zote amezipiga msasa zisimchome. Akasema ni mabaki tu ya mbao. Mbao ya mninga si mabaki!

Ijumaa, 23 Mei

Niandike kabla sijasahau hata nukta moja.

Nilimbeba Kulwa na Doto mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, ili wasipate baridi. Kichwa kimoja huku, kingine huku. Njiani mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akapaza sauti, "Hongera, dada, mapacha!" Nikasema asante. Akasogea kuwaona. Sijui amekimbilia wapi, lakini ungo ameuacha.

Ukumbi ulijaa. Meza yangu ilikuwa jirani na ya Gaudiosa, bila shaka kwa makusudi ya mtu. Waamuzi walipofika nikavuta kitenge. Watu wakapiga mayowe! Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alizimia kidogo. Kila kitu kama nilivyopanga!

Nikaeleza. Yai, kugawanyika, kukomea njiani. Bongo mbili, tumbo moja (niliisisitiza hiyo sehemu kama nimeigundua mwenyewe, Gaudiosa alikohoa). Nikasema kwa nini porini hafiki mbali na kwa nini kwetu amefika. Mwalimu Cleophas alikuwa amesimama nyuma na kutikisa kichwa kwa furaha. Mbeya niliiona kwa macho.

Kisha mwamuzi mwenye miwani akauliza swali. Kazi hii ni nzuri, ila mbuzi amejizaa mwenyewe. Jaribio la kisayansi hurudiwa. Je, binti, unaweza kulirudia?

Mwalimu Cleophas akaanza kutikisa kichwa kwa namna nyingine. Nilipaswa kusema hapana, ni ajali, hakuna binadamu anayeweza kuagiza. Nililiandika mwenyewe hapa. Nikafungua mdomo.

Nikasema ndiyo.

Mwamuzi akaandika. Ili nisiulizwe lingine, nikamshusha mbuzi chini niwaonyeshe vichwa visivyokubaliana. Nikaweka majani kulia na majani kushoto. Nikawaambia wasome maandishi mekundu. Kulwa akainua kichwa. Doto akainua kichwa. Wakanusa. Wakageuka wote wawili. Upande mmoja! Wakatembea bila hata kuyumba, wakayapita majani yangu, wakafika meza ya Gaudiosa, wakatumbukiza midomo yote miwili kwenye beseni lake la maji yaliyochujwa. Wakanywa kwa pamoja. Pembeni palikuwa na beseni la maji yasiyochujwa. Walilinusa, wakaliacha!

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi na meza. Mwamuzi mwenye miwani alivua miwani. Gaudiosa akasema, bila kuinua sauti:

"Ndugu waamuzi, bango la mwenzangu linasema vichwa hivi havijawahi kukubaliana."

Gaudiosa anakwenda Mbeya.

Bibi aliyasikia yote jioni. Akauliza swali moja tu. Je, walikunywa sawa kwa sawa?

Jumamosi, 24 Mei

Sitoki kitandani. Kulwa na Doto wanalia mlangoni. Sitoki.

Nimetoka. Walikuwa na njaa.

Mama amerudi kutoka Namanyere. Ametazama mbuzi, ametazama hori la mninga, akamtazama Baba. Akasema kumbe mtu ukisafiri kidogo nyumba inapata watoto.

Mchana alikuja Gaudiosa, safari hii bila kudai anapita. Waamuzi wamesema kichujio kiende Mbeya na mbuzi, maana bila mbuzi hakikuwa na mvuto. Na mbuzi hawezi kwenda bila mlezi. Mwalimu Cleophas ameshaandika jina langu: Justa, mlezi wa mbuzi. Nikamwuliza Gaudiosa nani aliyewapa wazo hilo. Akatazama pembeni, akaanza kumkuna Doto. Kisha Kulwa.

Nitakwenda Mbeya! Kama mlezi. Sijui nilie au niruke. Nimeruka.

Kabla hajaondoka amenisihi neno moja. Lile la kurudia jaribio, niwaandikie waamuzi kwamba nilisema kwa haraka. Mwalimu Cleophas naye alinisihi hivyo hivyo. Wote wana akili sana. Nimewaahidi nitafikiri. Kwa kweli nimejifunza mengi katika wiki hizi mbili. Nimejifunza kusikiliza, kutojitapa, na kutunza siri.

Jumatatu, 26 Mei

Nimefikiri.

Kuku wa Mama alianza kuatamia juzi. Mwalimu Cleophas alisema joto au baridi isiyo ya kawaida huenda inachangia. Huenda! Mwanasayansi mzuri hudaka neno kama hilo. Na baridi ya Sumbawanga mwezi huu ni ya bure. Kwa hiyo kila alfajiri, kuku akitoka kula, nayatoa mayai nje yapate hewa kidogo, kisha nayarudisha. Yote, kwa usawa, asiwepo wa kubaguliwa. Nimehesabu siku. Yataanguliwa tukiwa tumesharudi kutoka Mbeya, na nitamwandikia yule mwamuzi mwenye miwani barua moja fupi tu: Njoo uone.

Kifaranga wa kwanza nitamwita Petro, na kichwa chake cha pili Paulo. Bibi bado hajui. Mama ameshangaa mara mbili kuona mayai yana umande.

Kulwa na Doto hawajambo. Leo Doto alimaliza nusu yake akanitazama kwa macho yale. Nikamwongezea kidogo. Kwa hiyo na Kulwa, kidogo. Tumbo limekaza, lakini si sana.

Safari hii siri haitatoka. Sijamwambia mtu yeyote. Nimemwambia Kalista tu, na safari hii ameapa mara mbili.